Kubashiri Hatari au Kupima Ugonjwa? Uchunguzi wa Wajawazito na Somo la Kasongo



Katika semina moja ya idara, mwenzangu ninayemheshimu alituonyesha programu ya simu. Mhudumu wa zahanati anajaza umri wa mjamzito, kimo chake, idadi ya mimba, mimba zilizoharibika. Programu inajumlisha alama, kisha inatoa hukumu: huyu ni wa hatari, apelekwe hospitali ya wilaya; huyu ni salama, ajifungulie hapa hapa. Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga, na leo nimepewa jukwaa la kueleza kwa nini.

Wazo hilo ni la zamani. Kizazi changu kililelewa nalo. Kimo chini ya sentimita 150, mimba ya kwanza, mimba ya tano na kuendelea, umri chini ya miaka 18 au zaidi ya 35. Kwenye zahanati niliyofanyia mazoezi kulikuwa na mstari wa chaki ukutani, na wanawake walipitishwa hapo mmoja mmoja kama kuruta wa jeshi. Shangazi yangu, niliyempita kimo nikiwa darasa la sita, aliandikiwa kalamu nyekundu katika kila kadi ya kliniki. Alizaa watoto saba kwa njia ya kawaida, na alizoea kusema kwamba kalamu ile ilimtia hofu kuliko uchungu wenyewe. Najua, shangazi mmoja si takwimu. Basi twende Kasongo.

Kasongo ni mji wa Maniema, mashariki mwa Kongo. Wapenzi wa historia wanaukumbuka kwa misafara ya Tippu Tip, na Kiswahili kingali kinazungumzwa huko. Huko kulifanya kazi timu ya afya iliyoshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, na mwaka 1984 ikachapisha makala ambayo wanafunzi wangu wote huisoma, wapende wasipende. Naipenda, kwanza, kwa kuwa waandishi walijiita tu Timu ya Mradi wa Kasongo. Hakuna aliyetanguliza jina lake. Naipenda pia kwa swali lake la kazini: ni vigezo gani rahisi, vilivyo ndani ya uwezo wa mhudumu wa kawaida, vinavyoweza kubashiri uzazi pingamizi, yaani mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa? Jibu lilikuwa kali. Kati ya wanawake waliopata uzazi pingamizi, asilimia 71 hawakuwa wametambuliwa kabla. Na kati ya waliotambuliwa kuwa wa hatari, asilimia 90 hawakupata tatizo hilo.

Tuzigeuze namba hizo kuwa watu, kwa mfano wangu mwenyewe unaofuata uwiano huo. Wanawake 100 wanatiwa alama. 10 kati yao wanakwama wakati wa kujifungua. Wale 90 wameuza mbuzi, wameacha watoto kwa majirani, wamekwenda kusubiri karibu na hospitali, bure. Wakati huo huo wanawake 24 wanakwama pale pale walipoambiwa ni salama. Uchungu ukimshika mmoja wao usiku wa manane, nani ameandaa gari? Hakuna, maana kadi yake ni safi. Hapo ndipo ninapogombana na mwenzangu. Kukosea nakuvumilia, kila kipimo hukosea. Nisichokivumilia ni mhudumu kutulizwa na alama hata akaacha kujiandaa.

Atajibu kwamba kompyuta ya leo inachuja vizuri kuliko kalamu ya 1984. Huenda. Lakini kuvuja damu baada ya kujifungua humpata mara nyingi mwanamke asiye na kihatarishi chochote, na alama ambazo hazipo hazijumlishiki. Nampa haki yake: kovu la upasuaji ni habari ya kweli, mapacha pia, na mama wa namna hiyo asijifungulie zahanati. Kimo nacho kina uhusiano fulani na nyonga, sikatai. Nimeyapima yote hayo, na bado nasema kipimo cha kimo kiondolewe kliniki.

Yaliyofuata, tangu mkutano wa Nairobi wa 1987 kuhusu uzazi salama hadi mwongozo wa 2016 wa Shirika la Afya Duniani uliotaka mahudhurio ya kliniki yasiyopungua manane, mnayajua. Mimi nauliza mama akifika anafanyiwa nini. Kwa mfano, kifafa cha mimba kina ishara inayopimika kabla hakijaja: baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 na protini ikaonekana kwenye mkojo, ugonjwa umeshaingia. Dawa ipo. Utafiti ulioitwa Magpie, uliochapishwa 2002, ulihusisha wanawake 10,141 wenye hali hiyo katika nchi 33. Sindano ya magnesiamu salfeti ilipunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Dawa hiyo si ghali, wala mashine ya presha si ghali. Lakini nimewahi kuingia kliniki nikakuta mashine haina betri, na kimo cha kila mama kimeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kwa hiyo programu ya mwenzangu naikaribisha, kwa sharti moja. Swali lake la kwanza liwe presha ya leo, na isimruhusu mhudumu kuendelea mpaka namba ijazwe na mama mwenyewe aambiwe. Ameniahidi kulifikiria hilo. Kuhusu swali la kimo, ambalo nimemwomba alifute, bado hatujaelewana.