Maandishi Yakiharibika, Upimwe Ubao Kwanza



Mashine ya useremala inayoongozwa na kompyuta huchonga herufi kwa kisu chenye ncha ya umbo la V. Kadiri kisu kinavyozama ndivyo mfereji unavyopanuka. Kwa kisu cha pembe ya nyuzi 90, kosa la milimita 1 katika kina huwa milimita 2 katika upana. Ndiyo sababu kibao kisicholala sawa hutoka na herufi nene upande mmoja na hafifu upande wa pili.

Ubao mbichi uliopasuliwa mlimani Ngujini, ukiteremshwa tambarare kavu za Mwanga au Same, hukauka na kupinda. Basi fundi na aukaushe, aupige randa, aubane imara, ndipo aweke kipimo cha sifuri juu ya uso wake. Herufi zote zikikosea sawasawa, alinganishe pembe ya kisu na ile aliyoiandikia kompyuta. Kingo zikichanika, achunguze kama kisu ni butu. Mwisho ajaribu herufi moja katika kipande cha ubao uleule.

Kabla ya hayo kutimizwa, katibu asiidhinishe fedha za kununua mashine nyingine. Jasho la wanachama lisilipie kosa la kipimo.