Mji Mkubwa Ukipungukiwa na Watu: Mafunzo ya Detroit



Watu wengi hudhani ya kuwa mji ukiisha kuwa mkubwa hauwezi tena kurudi nyuma. Kijiji, wasema, chaweza kuhamwa kwa njaa au kwa maradhi. Lakini mji wenye majumba ya mawe, barabara za lami na viwanda vingi utasimama daima. Mambo ya dunia hayakubaliani na dhana hiyo. Uko mji katika nchi ya Marekani ambao zamani ulitajwa kila mahali kwa utajiri wake, nao katika muda wa miaka 60 ulipoteza watu zaidi ya milioni moja. Mji huo ni Detroit. Habari zake zafaa kusikilizwa na kila mtu akaaye mjini, na hata mzee wa shamba ambaye mwanawe amekwenda mjini kutafuta kazi.

UTAJIRI WA MOTOKAA

Detroit ulianzishwa na Wafaransa katika mwaka wa 1701, kando ya mto unaotenga Marekani na Kanada. Kwa miaka mingi ulikuwa mji wa biashara wa kadiri tu. Ndipo zikaja motokaa. Katika mwaka wa 1908 Henry Ford alianza kuuza motokaa iliyoitwa Model T, na katika mwaka wa 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, alipanga kazi kwa namna mpya. Badala ya mafundi kuiendea motokaa, motokaa yenyewe ilivutwa na mnyororo ikapita mbele yao, na kila mtu akafanya tendo moja tu. Kazi ya kuunga motokaa moja, ambayo kwanza ilichukua zaidi ya saa 12, ikapungua hata ikawa saa moja na nusu hivi. Mwaka uliofuata Ford alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, kiasi cha mara mbili ya mshahara wa kwanza.

Watu wakamiminika kutoka Ulaya na kutoka mashamba ya Marekani ya kusini, wakiwamo maelfu kwa maelfu ya Wamarekani weusi waliokimbia dhuluma na ufukara wa mashamba ya pamba. Hesabu ya watu ya mwaka 1950 ilionyesha watu 1,849,568, na Detroit ukawa mji wa tano kwa ukubwa katika nchi nzima.

VIWANDA VYAHAMA

Walakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia wakati mwili ungali umenona. Viwanda vya zamani vilijengwa kwa ghorofa nyingi, lakini kazi ya namna mpya ilitaka majengo mapana ya chini, ambamo vyombo vyaweza kupita moja kwa moja. Ardhi ya namna hiyo haikupatikana kwa urahisi mjini. Nje ya mipaka ilikuwa tele, na kodi zake zilikuwa nafuu. Basi baada ya Vita vya Pili vya Dunia makampuni makubwa yalijenga viwanda vyao vipya nje ya mji na katika majimbo mengine. Makampuni madogo yalishindwa kabisa. Kampuni ya Packard, ambayo kiwanda chake kilikuwa miongoni mwa vile vikubwa mno, iliacha kuunda motokaa mjini humo katika mwaka wa 1956.

Kisha zikaja barabara kuu zilizopasua mji. Zilimwezesha mtu kufanya kazi Detroit na kulala mbali, mahali ambapo kodi yake haikuingia katika hazina ya mji. Na ili kuzijenga, mitaa mizima ilibomolewa. Black Bottom na Paradise Valley, mitaa ambayo Wamarekani weusi walikuwa na nyumba, maduka na makanisa yao, ilifutwa.

Jambo la tatu lilikuwa ubaguzi. Mtu mweusi mwenye kazi nzuri na fedha za kutosha alikataliwa mkopo wa nyumba, au alifungiwa mlango katika mitaa mipya. Katika mwaka wa 1941 ulijengwa ukuta kuutenga mtaa wa weusi na nyumba mpya za weupe, ili wajenzi wa nyumba hizo wakubaliwe mikopo yenye dhamana ya serikali. Ukuta huo ungaliko. Mwezi wa Julai 1967 hasira ilipasuka, fujo ikadumu siku tano, na watu 43 wakafa. Weupe waliokuwa wameanza kuhama wakaongeza mwendo, na baadaye weusi wenye uwezo nao wakafuata.

HESABU ISIYOLINGANA

Yafaa kufahamu jinsi mji unavyokufa, maana haufi kwa siku moja. Watu wakipungua, barabara hazipungui. Mabomba ya maji ni yale yale, na taa, mifereji na vituo vya zimamoto ni vile vile, ingawa walipaji wa kodi wamekuwa wachache. Wakuu wa mji wakipandisha kodi ili kuziba pengo, wenye uwezo huhama. Wakipunguza huduma, mitaa huwa michafu na ya giza, nao huhama vile vile. Wakikopa, huwatwisha watoto wao mzigo. Detroit ulifanya yote matatu.

Kufika mwaka 2010 walibaki watu 713,777 tu. Nyumba zilizoachwa zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu, nyingine zimeteketea kwa moto, nyingine zimeota miti sebuleni. Kiasi cha taa nne katika kila kumi za barabarani hazikuwaka. Tarehe 18 Julai 2013 mji uliingia mahakamani kutangaza kwamba umefilisika, ukiwa na madeni ya dola bilioni 18 hivi, yaani dola milioni elfu kumi na nane. Haukupata kutokea mji mwingine wa Marekani uliofilisika kwa deni kubwa namna hiyo.

Walioumia si matajiri wenye kukopesha peke yao. Watumishi wastaafu, waliofagia barabara na kuandika vitabu vya ofisi kwa maisha yao yote, walikatwa pensheni kwa asilimia 4.5, tena wakanyimwa nyongeza ya kila mwaka. Wangalikatwa zaidi kama serikali ya jimbo na vyama vya hisani visingalichanga fedha nyingi ili kusaidia pensheni na kuokoa picha za thamani za nyumba ya sanaa ya mji zisiuzwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Na mwenye kulipia kosa la daftari mara nyingi ni yule asiyelishika.

KUSIMAMA TENA

Hata hivyo mji haukufa. Mwezi wa Desemba 2014 ulitoka katika ufilisi. Taa mpya 65,000 ziliwekwa, na kazi hiyo ikamalizika mwishoni mwa mwaka 2016. Maelfu ya nyumba mbovu zilibomolewa, na katika viwanja vilivyobaki wazi wananchi walilima mboga. Mwaka 2013 baraza la mji lilikuwa limekwisha kutunga sheria ya kuruhusu na kuongoza kilimo hicho. Stesheni kubwa ya gari la moshi, iliyofunguliwa mwaka 1913 na kuachwa tangu 1988, ilinunuliwa na kampuni ya Ford mwaka 2018, ikafunguliwa tena kwa shangwe mwezi wa Juni 2024. Makadirio ya serikali kwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba watu wameongezeka, kidogo tu, lakini kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1950.

Umaskini bado ni mwingi, na si kila mtaa uliofikiwa na neema. Lakini waliobaki walijifunza jambo moja kubwa: mji hauna haja ya kurudia ukubwa wake wa zamani ili uwe mwema. Mji wa watu laki sita wenye taa, maji safi na kazi ni bora kuliko mji wa milioni mbili wenye giza.

MAFUNZO KWA KENYA

Nchini Kenya taabu yaonekana kuwa kinyume cha hiyo. Nairobi ilikuwa na watu 509,286 katika hesabu ya mwaka 1969, na 4,397,073 katika hesabu ya mwaka 2019. Mji unaofurika watu wahitaji nini na habari za mji uliopungukiwa? Wazihitaji sana, kwa kuwa Detroit nao ulifurika, na makosa yake yalifanyika wakati wa neema.

Kosa la kwanza ni kutegemea kazi ya namna moja. Watu wa Webuye hawana haja ya kufundishwa neno hilo, kwani waliona wenyewe jinsi maduka na nyumba za kupanga zilivyokosa watu kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009. La pili ni kutenga watu, hawa katika mitaa yenye maji na wale katika mitaa isiyo na maji, na kudhani kwamba amani itadumu. La tatu ni kutumia leo fedha za kesho na kuacha mabomba yaoze chini ya ardhi kwa kuwa hayaonekani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ustawi wa mji haupimwi kwa urefu wa majumba yake, bali kwa hali ya mzee aliyeutumikia, kwamba atapata haki yake, na kwa hali ya mtoto aliyezaliwa ndani yake, kwamba atapata sababu ya kukaa.