Kabla ya Kuachama, Uliza

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya kiti ambacho wengi wetu tunakiogopa kuliko kizimba cha mahakama. Nacho ni kiti cha daktari wa meno.

Tukishakaa pale, tunaachama na kunyamaza. Yapo maswali mawili ambayo tungepaswa kuuliza kwanza: wewe unayeshika koleo umesomea nini, na maumivu yangu utayazuia kwa njia gani?

Tuanze na la kwanza. Si kila aliyevaa koti jeupe ni bingwa. Wapo matabibu wa meno, ambao hung'oa na kuziba meno ya kawaida. Wapo madaktari wa meno wenye shahada. Hapa Tanzania shahada hiyo husomewa miaka 5, kisha unafuata mwaka wa mazoezi hospitalini. Wachache kati yao hurudi tena chuoni kwa miaka mingine kadhaa, wakatoka mabingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Gego lililolala ndani ya mfupa, taya lililovunjika katika ajali ya pikipiki, uvimbe wa taya, hizo ndizo kazi zao. Baraza la Madaktari Tanganyika huandikisha madaktari, wa meno wakiwamo. Kwa hiyo kumuuliza mtu kama ameandikishwa si utovu wa adabu.

La pili ni maumivu. Waliotutafutia njia ya kuyazuia ni madaktari wa meno wenyewe. Mwaka 1844 huko Hartford, Marekani, Horace Wells alivuta gesi ya kuchekesha akang'olewa jino lake mwenyewe. Mwaka 1846 mwenzake, William Morton, alimlaza mgonjwa kwa etha mjini Boston, akapasuliwa mbele ya madaktari.

Leo njia ni tatu. Ya kwanza ni sindano ya ganzi. Unabaki macho, unasikia kuvutwa na kusukumwa, lakini husikii uchungu. Hiyo yatosha kwa meno mengi. Ya pili ni dawa ya kutuliza, ya kuvuta, kumeza au kuchomwa mshipani, nayo huambatana na ganzi. Unasinziasinzia huku ukiitika ukiitwa. Ya tatu ni usingizi kamili, ule tunaouita nusu kaputi. Huo ni wa hospitali yenye vifaa, na mtaalamu wa usingizi akiwa kando yako tangu mwanzo hadi unapozinduka. Usile chochote saa 6 kabla yake, na usiondoke bila mtu wa kukusindikiza.

Mimi niling'olewa gego la mwisho kwa ganzi tu. Niliuliza yote hayo, na daktari hakununa. Alinichorea taya kwenye karatasi. Naye akauliza yake: una shinikizo la damu, una kisukari, unatumia dawa gani, ukijikata damu hukatika upesi? Mwambie kweli. Mficha uchi hazai.

Kwa nini nalisema hili? Mtaani kwetu kijana mmoja alikaa wiki 2 na jino bovu, akitafuna karafuu. Alikwisha kuambiwa kwamba ganzi haishiki. Maneno hayo yana chembe ya kweli: penye usaha mwingi ganzi hushika kwa shida. Lakini dawa ya hilo ni kuwahi, maana kadiri unavyongoja ndivyo usaha unavyozidi. Alipopelekwa hospitali, shingo ilikuwa imevimba hata hawezi kumeza mate. Alipona, lakini baada ya kupasuliwa chini ya kidevu na kulazwa siku nyingi. Jino la kung'olewa asubuhi moja nusura limzibe pumzi.

Basi ndugu msikilizaji, ukiona uvimbe unashuka chini ya kidevu, kinywa hakifunguki, au kumeza kumekuwa taabu, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na ukifika, kumbuka kwamba kinywa ni chako. Kabla hujakiachama kwa koleo, kitumie kuuliza.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.