Vitabu vya Hadithi Katika Makabati ya Sharika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika)

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya fungu la vitabu la mwaka huu. Ombi letu tunalitaja mapema asije mtu akashtuka baadaye: tunaomba robo ya fungu hilo inunue vitabu vya hadithi. Si vya watoto, bali hadithi za watu wazima zilizoandikwa na Waafrika wenzetu katika miaka ya karibuni.

Mzee mmoja wa usharika ametuuliza tayari: hadithi ya kubuni itasaidia nini maendeleo, wakati hata vijitabu vya afya, kilimo na haki za mtoto havijatosha? Swali ni la haki, nasi tutalijibu kwa mfano.

Katika semina za ulinzi wa watoto tunawaonya wazazi wajihadhari na watu wasiowajua. Sasa tumtazame Uwem Akpan, Mnigeria, ambaye alikuwa padre Mkatoliki alipotoa kitabu Say You're One of Them mwaka 2008. Kina hadithi tano tu, kila moja ikitazama mambo kwa macho ya mtoto. Iitwayo "Fattening for Gabon" inasimuliwa na mvulana wa miaka kumi huko Benin. Wazazi wake ni wagonjwa, kwa hiyo yeye na mdogo wake wa kike wanalelewa na ndugu wa familia. Siku moja ndugu huyo anarudi nyumbani na pikipiki mpya. Baadaye chakula kinakuwa kizuri, nguo zinakuja, na watoto wanaanza kufundishwa namna ya kujieleza kama watoto wa watu wengine. Msomaji anaelewa kabla mtoto hajaelewa: wameuzwa, wanasubiri kusafirishwa. Na aliyewauza si mgeni. Ni mtu anayewapenda, na anapojuta na kutaka kurudi nyuma, mambo yamekwisha kumshinda.

Hicho ndicho kijitabu chetu hakisemi. Vijijini kwetu binti anapelekwa mjini kwa "shangazi" kufanya kazi za ndani, na kamati haiulizi, kwa kuwa ni mambo ya ukoo. Nani hapa hajaona pikipiki mpya katika nyumba ambayo haikuvuna kitu mwaka ule? Nabii Nathani alimwendea Daudi na kisa cha mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akawaka hasira kabla hajatambua kwamba anasemwa yeye. Semina haifanyi hivyo kwa urahisi.

Marafiki mnaolipia ada za wanafunzi, tunawaomba msome pia hadithi ya kwanza ya kitabu hicho. Ni familia inayoishi barabarani Nairobi wakati wa Krismasi, na binti wa miaka kumi na miwili anauza mwili ili mdogo wake apate kwenda shule. Sisi katika taarifa zetu tunahesabu walioandikishwa. Mwandishi huyu anamfanya kijana ajue ada yake imetoka wapi, na ajue la kufanya na ujuzi huo. Si hadithi ya kufurahisha.

Wapo wengine. Petina Gappah wa Zimbabwe alitoa An Elegy for Easterly mwaka 2009, na humo kuna familia inayosubiri uwanja wa ndege wa Harare mwili wa kijana wao aliyefia Uingereza. Waliowahi kuchanga fedha za kurudisha maiti watacheka na kulia. Chimamanda Ngozi Adichie naye ana The Thing Around Your Neck, ya mwaka huohuo, ingawa kwa maoni yetu inawafaa zaidi vijana wa sekondari wanaoota kwenda Marekani.

Mtasema, hivi vyote ni vya Kiingereza. Ni kweli, na ndilo tatizo kubwa kuliko bei. Lakini riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, sasa tunayo kwa Kiswahili. Inaitwa Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Humo Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Mnaona ni jambo lilelile la Benin, karibu miaka mia moja kabla, katika nchi yetu wenyewe. Na kwa kamati zenye migogoro ya ardhi upo mkusanyo wa Kenya, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Hadithi fupi inamalizika kwa kikao kimoja, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, hata asiyejua kusoma.

Tukikubaliwa, tutaanza na Peponi, nakala mbili kila usharika. Kitabu cha Akpan kikae kwanza kwa wainjilisti na walimu wa kipaimara wanaosoma Kiingereza, nao wawasimulie wazazi. Hadithi yake ya mwisho, ya Rwanda mwaka 1994, isisomwe mbele ya watoto.