Dhoruba na Kuvunjika kwa Merikebu katika Picha za Waingereza

Jioni ya leo twapenda kuwaeleza habari za picha zilizochorwa Uingereza baina ya mwaka 1700 na 1800, picha za dhoruba na za merikebu zikivunjika mwambani. Huenda baadhi yenu mkaao bara hamjaiona bahari kwa macho. Lakini neno lililomo katika picha hizi si la watu wa pwani peke yao. Neno lenyewe ni hili: mtu aliyesimama pakavu, akimwona mwenziwe anazama, imempasa kufanya nini?

Uingereza ni nchi ya kisiwa. Biashara yake na vita vyake vilipita baharini, na misiba ya bahari ilikuwa mingi. Mwezi wa Novemba, mwaka 1703, tufani kubwa ilivuma kusini mwa nchi hiyo. Maelfu ya watu walikufa maji, na mnara wa taa uliojengwa juu ya miamba ya Eddystone ulichukuliwa wote, pamoja na Henry Winstanley, fundi aliyeujenga, ambaye usiku ule alikuwamo ndani.

Ufundi wa kuchora bahari Waingereza waliupata kwa Waholanzi. Baba na mwana, wote wawili wakiitwa Willem van de Velde, walihamia huko, na mwaka 1674 Mfalme Charles wa Pili aliamuru kila mmoja apewe pauni 100 kwa mwaka: baba achore vita vya baharini, na mwana aitie rangi michoro hiyo. Mwana alikufa mwaka 1707, lakini wachoraji waliomfuata walijifunza katika kazi zake. Katika picha za namna hiyo mara nyingi merikebu ndiyo bwana. Wanadamu ni wadogo kama sisimizi.

Kisha, mwaka 1757, Edmund Burke alitoa kitabu akaeleza kwamba jambo la kutisha, likiwa mbali nasi hata lisiweze kutudhuru, hutupa furaha ya namna yake. Watu wa mjini wakazipenda picha za tufani, wakazitazama huku nguo zao ni kavu. Lakini wachoraji nao wakaanza kuwasogeza watu mbele, ili mtazamaji azione nyuso zao.

Tuchukue habari ya Centaur, manowari ya mizinga 74. Mwezi wa Septemba 1782, ikirudi kutoka Jamaica, ilipigwa na tufani katika Bahari ya Atlantiki. Milingoti ilianguka, usukani ukang'oka, na maji yakawashinda waliokuwa wakiyatoa usiku na mchana. Wahenga wetu walisema: chombo cha kuzama hakina usukani, na hapa methali ilitimia neno kwa neno. Mwishowe Nahodha John Inglefield alishuka katika mashua pamoja na watu wachache. Kijana wa miaka 15, Robert Baylis, alijitupa majini akawafuata, wakamvuta ndani. Wakawa watu 12. Nyuma yao walibaki mamia. Walitweka blanketi badala ya tanga, wakawa na chakula kidogo na maji ya kulowesha midomo tu, na baada ya siku 16 wakafika kisiwa cha Fayal. Mmoja wao alikufa njiani. Nahodha aliwekwa mbele ya baraza la hukumu la jeshi la bahari, akaachiliwa.

James Northcote alichora picha ya watu hao wakiikimbia merikebu yao, na mwaka 1784 ikapigwa chapa ili wengi waipate. Je, nahodha alitenda haki kuondoka? Kama mashua ingaliwapokea wote, ingalizama nao wote. Baraza lilitoa hukumu yake, picha haikutoa. Yatuonyesha mashua na mawimbi, kisha yatuacha tufikiri wenyewe.

Mwezi wa Januari 1786 merikebu Halsewell, iliyokuwa ikienda Bara Hindi na watu zaidi ya 240, ilivunjika chini ya majabali ya Dorset. Nahodha Richard Pierce alikuwa na binti zake wawili. Hakukubali kuwaacha, akafa pamoja nao. Wachonga mawe wa mahali pale walishusha kamba wakawavuta waliosalia, na waliopona ni 74. Mwaka ule ule mchoraji Philip James de Loutherbourg aliionyesha ajali hiyo katika mchezo wake huko London. Mawimbi yake yalikuwa ya mbao zilizochongwa na kuzungushwa, na ngurumo yake bamba la shaba lililotikiswa. Watu walilipa fedha, wakatetemeka, wakaenda kulala.

George Morland naye, karibu na mwaka 1790, alichora watu wa aina nyingine: wale wa pwani wanaokokota mali iliyotupwa na bahari, hali merikebu yaangamia mbele yao. Wizi huo ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1753, na adhabu yake ilikuwa kifo.

Basi mwaona, wasikilizaji, watu watatu wamesimama ufukoni: mmoja atazama, mmoja aiba, mmoja ashusha kamba. Mwaka 1789 merikebu Adventure ilivunjika penye mlango wa mto Tyne, karibu kabisa na nchi kavu. Watu wengi sana waliona mabaharia wakianguka majini mmoja mmoja, na hapakuwa na mashua iliyoweza kuwafikia. Wenyeji hawakuridhika kuwa watazamaji. Walitangaza zawadi kwa atakayebuni mashua isiyozama upesi, na mwaka 1790 mashua ya kuokolea watu, iliyoundwa na Henry Greathead na kuzungushiwa magome mepesi yaeleayo, ilishushwa majini huko South Shields.

Picha haiokoi mtu aliyezama. Lakini yaweza kulizoesha jicho kumwona mtu ndani ya wimbi, na jicho likisha kumwona, mkono hauna udhuru. Mkipata kuitazama picha ya namna hii kitabuni au shuleni, msiulize tu mchoraji alikuwa hodari kiasi gani. Jiulizeni pia: mimi nasimama wapi katika ufuko huu?

Kwaherini.