Kwa Nini Watoto Wetu Hawalingani Katika Mitihani

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mkutano Mkuu uliopita ulitukabidhi sisi wa Kamati ya Elimu kazi ambayo hatukuipenda. Mwanachama mmoja alisimama akataka Mfuko wa Karo ugawanywe kwa makabila, kila kabila lipewe fungu lake, kwa kuwa, alisema, watoto wa upande mmoja hushinda kila mwaka na wengine hubaki kutazama. Maneno yake yalipigiwa makofi na wengi, na hatufichi kwamba baadhi yetu katika kamati tulikuwa miongoni mwa waliopiga. Tukaagizwa tuchunguze, kisha tulete jibu.

Kwanza tukubali lililo kweli. Tofauti zipo. Tulipofungua daftari la waombaji tuliona kwamba watoto wa Kikipsigis, wa Kisii, wa Kijaluo na wa Kiluhya hawapati alama sawa, na kwamba tofauti hizo si za mwaka mmoja. Ubishi uko katika sababu. Vijijini na katika kambi za mashamba ya chai husemwa kwamba kabila hili limezaliwa na hesabu kichwani, lile na Kiingereza kinywani, na jingine na miguu ya kukimbia tu. Maneno haya hutuchekesha tukiwa watu wazima, lakini mtoto akiyasikia mara mia huyaamini, na akiisha kuyaamini huacha kujaribu.

Hebu tutazame shule zilikuja lini. Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, shule ya Maseno ikaanza mwaka 1906, na Wakatoliki wakajenga Nyabururu huko Kisii mwaka 1911. Kwetu Kipsigis mmisionari Willis Hotchkiss alifika Lumbwa mapema vilevile, lakini shule ya serikali ya Kabianga ilingoja miaka ya 1920, na kazi ya Tenwek miaka ya 1930. Na katika miaka hiyohiyo watu wetu walikuwa wakiondolewa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitoa ekari 25,000 za nchi ya Kipsigis kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Kitani kikawashinda. Nchi haikurudi kwa wenyewe, bali chai ilipandwa. Jamaa nyingi zikawa maskwota wenye kuhamahama na ng'ombe wao, na mtoto wa skwota aliitwa kuchunga kabla hajaitwa darasani. Wengine waliitwa kuchuma majani ya chai, hata kazi za watoto zikachunguzwa na kamati ya serikali mwaka 1938.

Basi mzee aliyesoma Maseno kabla ya 1920 ana mjukuu aliyezaliwa katika nyumba yenye vitabu, na mwenzake aliyechuma chai akiwa na miaka kumi ana mjukuu aliyezaliwa katika nyumba yenye kikapu. Huko Marekani, mtaalamu James Coleman alitoa taarifa mwaka 1966 baada ya kupima wanafunzi zaidi ya laki tano, naye aliona kwamba hali ya nyumbani kwa mtoto ilieleza alama zake kuliko majengo na vifaa vya shule yake. Tukipita laini za wafanyakazi jioni, tukaona chumba kimoja chenye wazazi, watoto watano na taa moja, hatuhitaji kwenda Marekani ili kumwelewa.

Na hapa sisi Wakipsigis katika kamati tulilazimika kumeza jambo chungu. Mwaka 2016 wataalamu Eric Kramon na Daniel Posner walionyesha kwamba katika Kenya, watoto waliokuwa na umri wa shule wakati rais ni wa kabila lao walipata masomo zaidi ya wengine. Twakumbuka miaka ya 1978 hadi 2002, nasi hatuwezi kusema kwamba kila tulichopata wakati huo tulikipata kwa jasho letu tu. Majirani zetu wanayo haki ya kutukumbusha.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi ni lugha. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, mpango umekuwa kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na penye makabila mengi kwa Kiswahili. Mpango ni mwema. Sasa tazameni nchi yetu ya chai. Mtoto wa Kisii ambaye wazazi wake wamepanga nyumba kando ya Litein huingia darasa ambamo mwalimu hueleza kwa Kikipsigis, asielewe neno. Mtoto wa Kikipsigis anayeingia shule ya shamba la chai hukuta Kiswahili ambacho nyanya yake hakukisema. Wote wawili huandikwa kuwa ni wazito.

Hata Kiswahili chenyewe si mlima wenye urefu mmoja kwa wote. Mkisii husema *omonto* na *abanto*, Mluhya husema *omundu* na *abandu*. Akifika shuleni akaambiwa *mtu* na *watu*, ni kama kukutana na binamu. Mkipsigis husema *chito* na *bik*, na Mjaluo naye ana maneno yake yasiyo na undugu huo. Tena lugha ya Kipsigis haitenganishi *k* na *g*, wala *p* na *b*, kama Kiswahili kitenganishavyo. Tuliona daftari la mtoto mmoja aliyeandika kwamba mama yake amenunua *pata* wawili sokoni, na kalamu nyekundu imepita juu ya bata hao bila huruma. Mtoto wa Kijaluo huandika *sule*, na wa Kisii, ambaye lugha yake haina *l*, huenda *kurara*. Makosa haya yana sababu, na mwalimu aijuaye huyasahihisha kwa muhula mmoja. Asiyeijua huyahesabu kuwa upungufu wa akili.

Ushahidi mwingine watoka Busia. Wataalamu Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule zilizopewa vitabu vya kiada bure, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Vitabu viliwafaa wale waliokuwa tayari mbele. Wengi waliobaki hawakufaidika, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiingereza, nacho kwao kilikuwa lugha ya tatu. Chama chetu kimenunua vitabu vya namna hiyo kwa miaka mingi, na kila mara tulipiga picha.

Kama akili ingekuwa mali ya kabila, watoto wa kabila moja wangelingana. Daftari letu lasema sivyo. Mkipsigis wa karibu na barabara ya lami pale Litein na Mkipsigis wa Chepalungu, ambako maji huchotwa mbali, wameachana kuliko wanavyoachana Mkipsigis na Mkisii wanaokaa laini moja na kusoma dawati moja. Na ndani ya nyumba moja, binti ameachwa nyuma na kaka yake. Wazee watuwie radhi tukiongeza kwamba hata vijana watokao jandoni mwezi wa Desemba huwa na maringo Januari, wakamdharau mwalimu wa kike, na alama zao hushuka. Hilo liko mikononi mwetu wenyewe.

Twarudi kwenye swali la Mfuko. Mtaalamu Edward Miguel alilinganisha Busia na wilaya ya Meatu ng'ambo ya mpaka, Tanzania, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2004. Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila, wazazi walichangia shule pungufu. Meatu mchanganyiko haukupunguza mchango, naye alilihusisha jambo hilo na siasa ya Tanzania ya kujenga taifa moja. Sisi tunajua maana ya habari hii bila kuisoma. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, jamaa za Kisii zilikimbia mashamba ya chai, na madarasa yakabaki na madawati matupu. Walimu nao walikwenda. Watoto waliobaki, wengi wao wetu, wakakaa bila kufundishwa, na hakuna kabila lililopata alama moja zaidi kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo kamati haikubali Mfuko ugawanywe kwa makabila. Twapendekeza swali la kabila lifutwe katika fomu ya ombi, na mahali pake yaandikwe maswali manne: lugha isemwayo nyumbani, umbali wa kwenda shule, kama mzazi yeyote alimaliza darasa la nane, na kama mzazi amepoteza kazi mwaka huu, kwa maana mashine za kuchuma chai zimewaondoa wengi kazini, na mwenye kuondolewa hufungasha virago katikati ya muhula. Twapendekeza pia sehemu ya fedha za vitabu ilipe wasaidizi wa lugha katika madarasa ya kwanza, Mkipsigis mahali wasipo Wakipsigis wengi, na Mkisii au Mjaluo mahali walipo wachache.

Tunajua kwamba mwaka wa kwanza huenda majina mengi yakatoka upande mmoja, na wengine watanung'unika. Wanung'unike kwetu, si kwa watoto. Fomu mpya ziko juu ya meza ya karani pamoja na daftari lenyewe, na kila mwanachama ana ruhusa kulisoma kabla kura haijapigwa saa nane.