JE, MADUKA MAKUBWA YAFUNGWE SIKU KUU?

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja wa yadi katika mkutano wa tawi letu, Changamwe. Tumeyapiga chapa kwa kuwa ndugu wengi waliokuwa zamu siku ile wameyaomba.)



Nimepewa robo saa, nami nitajitahidi nisiipite. Mimi si msemaji. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni kule Taita, na kazi yangu mwaijua: napanga mabehewa yadini, jua na mvua. Lakini wenzetu wanaofanya kazi madukani wameleta ombi kwetu, kwamba tuwaunge mkono wanapodai maduka makubwa yafungwe katika siku kuu zilizo kubwa. Katika mkutano uliopita ndugu mmoja alisimama akasema jambo hili si la relwe, tuwaachie wenyewe. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, nakiri. Leo nimekuja kuyarudisha makofi yale.

Sikilizeni. Krismasi ya mwaka juzi nilikuwa zamu ya asubuhi. Nilipotoka saa nane mchana nikapigiwa simu na mke wangu: wageni waliotoka Voi ni wengi kuliko tulivyotazamia, mchele hautoshi. Nikapitia duka moja kubwa hapa kando ya barabara. Nikachukua mchele kilo tano, mafuta na soda, nikasimama mstarini pamoja na watu wengi waliosahau vitu kama mimi. Nilipofika kwa mwenye kupokea fedha, nikamkuta mke wa jirani yangu, tunayekaa naye mlango kwa mlango. Alikuwa amevaa ile kofia nyekundu wanayovalishwa Desemba. Akacheka, akasema, "Shemeji, heri ya Krismasi. Wanangu wameshakula?"

Ndugu, sikuweza kumjibu upesi. Wanawe wawili niliwaacha alfajiri kwenye mkeka wetu, wamevaa nguo mpya. Baba yao ni mfanya kazi wa bandari, naye alikuwa zamu. Nikamwambia, "Bado, shemeji. Mchele wao ndio huu." Akaupitisha kwenye mashine, akanipa risiti, akamwita anayefuata. Alirudi nyumbani saa tatu usiku na watoto wamelala.

Nilipotoka dukani nilimkasirikia mwenye duka. Lakini kabla sijafika kona ya msikiti hasira ikanigeukia mimi mwenyewe. Mwenye duka hafungui mlango ili atazame mitaa. Afungua kwa sababu anajua mimi nitakuja. Mimi na sare yangu ya kazi na kadi yangu ya chama mfukoni.

Basi mtu asiniambie tena kwamba jambo hili si la relwe.

Sasa niseme juu ya sheria, maana wengi hatuijui. Sheria ya Siku Kuu, ambayo ni Sura ya 110, yazitaja siku kuu zetu, na yasema kwamba siku iliyotajwa ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ndiyo itakayokuwa ya mapumziko. Lakini kutaja siku si kufunga mlango wa duka. Mwenye duka akitaka kufungua Krismasi afungua. Kinachomlinda mfanya kazi ni malipo: Amri ya Jumla ya Mishahara yasema saa za ziada za siku za kazi hulipwa mara moja na nusu, na za siku ya mapumziko au siku kuu hulipwa mara mbili. Hayo ni mazuri yakifuatwa. Nilimwuliza shemeji kama alilipwa mara mbili. Akasema hapana, walimwahidi siku nyingine badala yake, wakampa Jumanne moja ya mwezi wa Februari, watoto wakiwa shuleni na mume kazini. Akafua nguo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu wanaosema tudai tu zile pesa mara mbili, basi yaishe. Pesa tudai, ni haki yetu. Lakini siku kuu si saa nane za kazi. Ni siku ambayo watu wote nyumbani wako pamoja kwa wakati mmoja, na hiyo haigawanyiki. Huwezi kumpa mtu kipande chake peke yake mwezi wa pili.

Nalijua swali mlilo nalo. Mbona sisi gari la moshi halisimami Krismasi? Mbona twafanya kazi, na hatukuomba stesheni zifungwe? Swali hili ni la haki, nami nimelifikiri sana usiku nikiwa yadini. Jibu langu ni hili: kuna kazi isiyoweza kungoja, na kuna kazi inayoweza kungoja. Mama anayejifungua hangoji. Maji na umeme havingoji. Mtu anayekwenda kwao kula siku kuu na wazazi wake, tukimwambia asafiri tarehe 27 tumeshamharibia siku kuu yenyewe. Lakini kilo mbili za unga zilizonunuliwa tarehe 24 hupikika tarehe 25. Televisheni haiozi. Mwenye duka akifunga siku moja hapotezi mauzo ya siku nzima, maana mengi ya mauzo hayo huja jana yake au kesho yake. Siku moja kabla ya siku kuu mwaijua mistari ilivyo mirefu.

Tena siyo kwamba tunaomba kitu kisichojulikana duniani. Huko Uingereza na Wales iko sheria ya mwaka 2004 inayokataza maduka makubwa kufunguliwa siku ya Krismasi. Kipimo chao ni mita 280 za mraba. Duka likizidi hapo ni kubwa na sharti lifungwe, likipungua laweza kufungua. Na wameacha nje maduka ya dawa, vituo vya petroli, na maduka yaliyo ndani ya stesheni za gari la moshi. Hapo nilicheka niliposoma: hata wao wanajua sisi wa relwe hatulali. Huko Ujerumani katiba yenyewe yazilinda Jumapili na siku kuu ziwe za mapumziko, na mwaka 2009 mahakama yao kuu ya katiba ilikataa mpango wa mji wa Berlin wa kufungua maduka Jumapili zote nne za kuelekea Krismasi.

Poland ndiko kunakotufundisha zaidi, kwa uzuri na kwa ubaya. Chama cha wafanya kazi cha Solidarność ndicho kilichosukuma sheria ya kufunga maduka Jumapili, ikaanza kutumika mwaka 2018. Walifanya jambo la busara: mwenye duka akisimama mwenyewe nyuma ya meza yake, ruhusa. Asiloweza ni kumsimamisha mtu mwingine. Lakini pia waliacha nje mahali pa huduma ya posta. Mnajua wenye maduka walifanya nini? Wengi wakaanza kupokea vifurushi, wakajiita posta, wakafungua! Ikabidi sheria irekebishwe kuziba tundu hilo, na marekebisho yakaanza kutumika mwaka 2022. Kwa hiyo tukiandika maombi yetu tuandike kwa uangalifu, maana tajiri ana wakili wa kusoma kila nukta.

Yako mambo mawili yanayonisumbua, nami sitayaficha.

La kwanza ni la vibarua. Kijana mmoja anayepanga bidhaa kwenye rafu aliniambia, "Kaka, ninyi mna mshahara wa mwezi. Mkifunga duka Krismasi mimi nalala na njaa, maana nalipwa kwa siku." Nilinyamaza. Kijana huyu alikuwa na miezi mitano pale pale, kila siku isipokuwa moja ya mapumziko kwa wiki, na bado aitwa kibarua. Basi nikamtafuta katibu wetu, tukafungua Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37. Kinasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mwezi. Na katika kuhesabu siku hizo, siku moja ya mapumziko yenye malipo baada ya kila siku sita, na siku kuu yo yote iliyoangukia katikati, huhesabiwa pamoja. Maana yake yule kijana hakuwa kibarua tena kwa sheria, ila hakuna aliyemwambia. Wangapi wako hivyo katika mji huu? Kwa hiyo neno la kudai si "maduka yafungwe" tu. Neno ni "maduka yafungwe na watu walipwe." Duka likifungwa bila malipo, mwenye duka atakuwa amepumzika kwa fedha za yule kijana.

La pili ni la dini. Sisi tuko Mombasa. Hapa tangu zamani Mkristo humshikia Mwislamu zamu siku ya Iddi, na Mwislamu humshikia Mkristo siku ya Krismasi. Mimi mwenyewe nimeshikiwa zamu hivyo mara nyingi na ndugu aliyeketi pale mbele, nami nimemlipa, isipokuwa mara moja anayoikumbuka sana. Ni mapatano mazuri, sitaki sheria iyavunje. Ndugu mmoja Mwislamu aliniuliza kwa nini yeye afungiwe duka kwa sikukuu isiyo yake. Nikamwuliza: katika lile duka kubwa, nani anayepanga zamu, ni wafanya kazi wenyewe au meneja? Akasema meneja. Basi mapatano yale yalikwisha kufa madukani, maana hakuna tena wa kupatana naye. Na Iddi ndiyo yenye taabu kubwa zaidi, kwa kuwa hungoja mwezi uandame. Muuzaji Mwislamu hufunga saumu siku zake 29, jioni hajui kama kesho ni Iddi au ni siku ya 30, na meneja amekwisha kubandika orodha ya zamu ukutani. Kama siku yenyewe imefungwa kwa wote, orodha haina nguvu. Ndiyo sababu nasema Iddi iwe pamoja na Krismasi katika ombi hili, zisitenganishwe. Tukiomba moja tu tutakuwa tumejigawa wenyewe kabla tajiri hajatugawa.

Juu ya wenye vioski na akina mama wa mboga, sina mengi. Wao ni tajiri na kibarua katika mwili mmoja. Wafungue wakitaka, wafunge wakitaka. Nasi tuliosahau mchele tutawapa biashara siku hiyo, wala si dhambi.

Sasa siku zenyewe. Wako wanaotaka zote zilizo katika sheria. Mimi napinga. Siku kuu zetu ni zaidi ya kumi, tukidai zote tutacheka pamoja na wenye maduka halafu twende nyumbani mikono mitupu. Nataka nne: Krismasi, Iddi ul-Fitri, Mwaka Mpya, na Mei Mosi. Ijumaa Kuu nimeiacha nje kwa uchungu, mimi mtoto wa misheni, na mama yangu akisikia atanikemea.

Mei Mosi hamkuitazamia. Lakini fikirini. Siku ile sisi twavaa fulana za chama, twaandamana, viongozi wahutubia juu ya haki ya mfanya kazi, ambayo imo katika katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41. Na muuzaji husikiliza hotuba ile katika redio ya dukani huku akipima sukari. Baada ya maandamano sisi wenyewe huingia dukani kwake kununua soda, tumevaa zile fulana. Mwaka huu tazameni mtaona.

Ombi langu kwa mkutano huu ni mambo matatu. Tawi liandike barua kuwaunga mkono wauzaji, kwa masharti niliyoyataja: siku nne, malipo kamili, na vibarua wahesabiwe. Pili, tumwombe mwajiri wetu mshahara wa Desemba uingie kabla ya tarehe 20, kwa sababu mtu aliyepata fedha tarehe 24 jioni hana lini nyingine ya kununua, na tukimlaumu twamwonea. Tatu, kila mwanachama anayetaka aandike jina katika daftari alilo nalo karani wetu, kwamba katika siku hizo nne hataingia duka kubwa, liwe wazi au limefungwa. Silazimishi mtu. Jina langu liko la kwanza, na la mke wangu la pili. Yeye aliuliza kwanza kama nimekwisha kununua mchele.

Bwana Mwenyekiti, naona saa imekwisha na wenzetu wa zamu ya usiku wanatazama mlango. Naomba kura ipigwe sasa, kabla hawajaondoka, ili nao wahesabiwe.